Upweke na sonona kwa vijana wa Nepal, na vitabu vilivyoyasema mapema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa msomaji wa Kiswahili anayependa fasihi na ambaye amekutana na Nepal kwa njia moja au nyingine: kitabuni, kwenye taarifa ya habari, au kwa kufanya kazi na Mnepali huko Doha au Dubai. Hayachukui nafasi ya daktari. Kama wewe mwenyewe unapitia wakati mgumu na mawazo ya kujidhuru yanakujia, ruka mengine yote uende kwenye swali la msaada, karibu na mwisho.

Kwa nini Nepal?

Kwa sababu huko kuondoka nyumbani kumekuwa hatua ya kukua, kama jando. Sensa ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya milioni 29, na ikaandika wengine karibu milioni 2.2 kuwa wako ng'ambo. Fedha wanazotuma nyumbani zinakaribia robo ya pato la taifa. Ni vigumu kupata ukoo usio na mtu Qatar, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu au Malaysia, au mtoto aliyekwenda kusoma Australia na Japani. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 peke yake, zaidi ya wanafunzi 100,000 walichukua kibali cha serikali cha kwenda kusoma nje. Vijana hao wamezaliwa katika nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1996 hadi 2006, na wengi wanaikumbuka vizuri Jumamosi ya tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko lilipoua karibu watu 9,000.

Na fasihi yao ilishaanza kuzungumzia mtu aliyeondoka na mtu aliyeachwa kabla hata ndege ya kwanza haijatua Kathmandu.

Upweke na sonona, si ni kitu kimoja?

Hapana. Upweke ni pengo kati ya watu ulio nao na watu unaowahitaji. Unaweza kukupata ukiwa chumba kimoja na wenzako wanane, na ndivyo unavyowapata wengi kwenye kambi za wafanyakazi za Ghuba. Sonona ni ugonjwa. Mtu hukaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, akiwa na huzuni isiyobanduka au akiwa hafurahii tena chochote. Juu ya hapo usingizi unavurugika, chakula hakipiti au kinapita kupita kiasi, mwili unakosa nguvu, akili haitulii mahali pamoja, na mtu anajiona hana faida. Wapo wasiolia hata kidogo; wanalalamika tu kichwa, mgongo na tumbo.

Upweke wa muda mrefu unaweza kuzaa sonona, na sonona nayo humfanya mtu awakwepe watu. Ila ukivichanganya utakosea tiba. Mpweke anahitaji watu. Mgonjwa wa sonona anaweza kuzungukwa na watu wanaompenda na bado akahitaji matibabu, na kumwambia "toka nje uchangamke" ni kumwongezea mzigo.

Riwaya za kale zinavichanganya mara kwa mara. Yule kijana wa Dostoevsky, katika *White Nights*, hadithi ya 1848 iliyofufuka mitandaoni miaka ya karibuni, ameishi Saint Petersburg miaka minane bila kupata hata rafiki mmoja, hadi anayafahamu majumba ya mtaani kama jamaa zake. Huyo, kwa maoni yangu, ni mpweke kweli kweli lakini haumwi: anatembea, anapenda, na akipata wa kumsikiliza maneno hayamwishi. Vijana wanaojifananisha naye na kujipachika neno sonona wangefaa wamsome tena taratibu.

Kitabu gani cha Kinepali kinaeleza jambo hili vizuri zaidi?

*Muna Madan* ya Laxmi Prasad Devkota, ya 1936. Ni utenzi mfupi, na Devkota aliutunga kwa mahadhi ya jhyaure, wimbo wa watu wa kawaida ambao wasomi wa wakati ule waliudharau. Ukasomwa na kuimbwa hadi leo.

Madan ni kijana wa Kathmandu mwenye mke mchanga na mama mzee. Hana fedha. Anaamua kwenda Lhasa, Tibet, kufanya biashara ili arudi na dhahabu. Muna anamsihi asiende: mifuko ya dhahabu ni kama uchafu wa mikononi, bora kula mboga za majani na kiwavi, yale majani yanayowasha, kwa moyo mkunjufu. Mstari huo Mnepali yeyote aliyepita shuleni anaujua kwa moyo. Madan anaahidi hatakawia, anaondoka, na uzuri wa Lhasa unamteka anakawia. Njiani kurudi anashikwa na kipindupindu na wenzake wa msafara wanamwacha porini. Anayemwokoa ni Mbhote, mtu wa asili ya Kitibeti, ambaye kwa sheria za tabaka za wakati ule Madan alipaswa kujiona bora kuliko yeye. Akifika nyumbani, mama yuko kitandani mwa mauti. Muna alishakufa kwa majonzi baada ya kuletewa habari ya uongo kwamba mumewe amefariki.

Wasomaji wengi humhesabu Madan kuwa ndiye mpweke wa hadithi. Mimi namtazama Muna. Madan anayo safari, barafu, soko la Lhasa, hata yule mwokozi wake. Muna ana dirisha na tetesi. Upweke wa aliyebaki hauna tukio la kusimulia, na ndiyo maana hata leo unapimwa mara chache na kuandikwa mara chache.

Kwa hiyo vijana wa leo wanaishi maisha ya Madan na Muna?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Simama nje ya mlango wa wasafiri kwenye uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu, utawaona: vijana wa miaka ishirini na kitu, tika nyekundu kwenye paji la uso, mashada ya maua ya manjano na skafu za baraka shingoni, mama anawashika mkono hadi pale askari anapowaambia wasindikizaji basi. Nyuma yao kuna deni la wakala wa ajira, mara nyingi lenye riba ya mtaani. Deni hilo ndilo linalomzuia kijana kusema ukweli miezi miwili baadaye, akikuta kazi si ile aliyoahidiwa. Atasema chakula kizuri, joto la kawaida, bosi hana shida. Nao nyumbani hawamwambii kwamba baba amelazwa. Kila upande unamlinda mwenzake kwa kunyamaza, na simu ya video ya kila jioni inapita juu ya mambo yote ya maana.

Siku inayouma kuliko zote ni Dashain, sikukuu kuu ya majira ya baada ya mvua. Wazee huwapaka wadogo tika ya mchele, mtindi na rangi nyekundu kwenye paji la uso na kuwapa miche michanga ya shayiri waichomeke kichwani. Baraka hiyo inataka mkono wa mzee uguse paji lako. Kwenye simu mama anaweza kupaka kioo, na wapo wanaofanya hivyo. Kijana anacheka, anapiga picha ya skrini, kisha anakwenda zamu.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini serikali ilipofunga mitandao 26 ya kijamii mnamo Septemba 2025, WhatsApp na Facebook zikiwemo, hasira haikuwa ya burudani tu. Ufisadi na ukosefu wa ajira vilikuwa chanzo kikubwa, lakini kwa familia nyingi kamba pekee ya kumfikia mtoto ilikuwa imekatwa. Vijana walioitwa Gen Z wakaingia barabarani tarehe 8, watu 19 wakauawa siku hiyo, na kesho yake Waziri Mkuu K. P. Sharma Oli akajiuzulu. Mkenya aliyeishi Juni 2024 hahitaji kuelezwa zaidi.

Na wale wasiosafiri?

Wao wana mtihani wa SEE mwisho wa darasa la kumi, ambao zamani ukiitwa SLC ulipewa jina la lango la chuma, na kila mwaka matokeo yanapotoka wazazi na walimu huwa na hofu ya kweli juu ya watoto walioanguka. Wana swali la kila karamu: "Wewe unaondoka lini?" Aliyebaki huonekana kama aliyeshindwa hata kabla hajaanza. Marafiki wanapungua mmoja mmoja, vijiji vya milimani vinabaki na bibi, babu na watoto.

Wasichana wana mzigo wa ziada. Uchunguzi wa vifo vya wanawake uliofanywa katika wilaya 8 mwaka 2008/09 uliikuta kujiua ndiyo sababu moja kubwa kuliko zote ya vifo vya wanawake wa miaka 15 hadi 49: asilimia 16. Watu walikuwa wamezoea kufikiri uzazi ndio unaoongoza. Ndoa za mapema, ukatili nyumbani, kuishi kwa wakwe huku mume yuko mbali: Muna angeyatambua yote.

Takwimu za jumla zinasemaje?

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliotolewa na Baraza la Utafiti wa Afya la Nepal mwaka 2020 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya kumi amewahi kupata tatizo la akili maishani, na asilimia 5.2 ya walio na miaka 13 hadi 17 walikuwa nalo wakati wa kuulizwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya 2025, linasema mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke, na vijana wamo miongoni mwa walioathirika zaidi. Nambari za Nepal zisikufanye uone kwamba hali ni shwari. Mtu anayeona aibu hamjibu mhoji mgeni aliyeshika karatasi mlangoni.

Kwa nini hawasemi?

Kinepali kinatofautisha *man*, ambao ni moyo wa hisia, kumbukumbu na matamanio, na *dimag*, ubongo unaofikiri na kumfanya mtu ajiheshimu mbele za watu. Maumivu ya man yanasemeka; kila mtu ana man na kila man huumia. Tatizo la dimag ni jambo jingine kabisa: ukisemekana dimag yako imeharibika, umekuwa *pagal*, kichaa, na ndoa ya dada yako nayo inaingia mashakani. Watoa ushauri nasaha wenye akili huanza na man. Daktari anayefungua mazungumzo kwa jina la ugonjwa wa akili amempoteza mgonjwa kabla hajakaa kitini.

Kabla ya daktari familia nyingi hupita kwa dhami au jhankri, mganga wa kijijini mwenye ngoma. Sioni sababu ya kumcheka. Anakuja nyumbani, anakesha, na anaita ukoo mzima umzunguke mgonjwa, jambo ambalo kliniki yenye foleni hailiwezi. Ubaya unakuja pale anapokuwa mlango wa mwisho badala ya wa kwanza.

Ni kweli Devkota mwenyewe alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili?

Ndiyo. Mwaka 1939 ndugu zake walimpeleka Ranchi, India, akakaa huko miezi kadhaa. Alikuwa na madeni, mizigo ya familia, na kalamu isiyopumzika. Mwaka 1953 akatoa shairi lenye kichwa kileile cha tusi, *Pagal*, ambamo msemaji anakiri kwamba anaona sauti na kuonja harufu, kisha anauliza ni nani hasa mwenye wazimu kati yake na wakubwa wanaomhukumu. Kumpachika jina la ugonjwa leo, mtu aliyefariki 1959, ni kazi bure. Ninachokipenda ni kwamba hakulikwepa neno, alilichukua akalivaa.

Parijat ni nani, na kwa nini kila orodha ya vitabu vya huzuni vya Nepal inamtaja?

Ni jina la kalamu la Bishnu Kumari Waiba, mzaliwa wa Darjeeling, aliyeishi kuanzia 1937 hadi 1993, miaka mingi kati ya hiyo mwili ukiwa umepooza kwa sehemu. Riwaya yake *Shirishko Phool* ya 1965 ilimpa tuzo ya Madan Puraskar, mwanamke wa kwanza kuipata.

Msimulizi ni Suyog Bir, askari mstaafu aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, mseja, mlevi wa kimyakimya. Anafahamiana baani na kijana mmoja, anakaribishwa nyumbani, na huko anamkuta dada wa huyo kijana, Sakambari: nywele fupi, sigara mkononi, ulimi mkali. Anampenda bila kujua namna ya kupenda. Siku moja anambusu bila ridhaa yake. Hakuna kelele, hakuna kesi. Baadaye binti anaugua na kufa, na mzee anabaki na alichokifanya, hicho na vile alivyowatendea wanawake wa Burma wakati wa vita.

Hii ndiyo sonona kamili iliyoandikwa vizuri: mwanamume asiyeona maana ya kitu chochote. Lakini Parijat hamhurumii ovyo. Anaonyesha kwamba aliyejeruhiwa naye hujeruhi, na upweke wake haumsafishi. Vijana wanaobandika nukuu zake kwenye picha za mvua mara nyingi huliruka hilo.

Je, kijana wa Nepal ana haja gani na Kafka?

Hebu msome Gregor Samsa, wa hadithi ya Kafka ya 1915, *The Metamorphosis*, kwa macho ya mtu anayetuma pesa nyumbani. Ni wakala wa mauzo anayesafiri, anayelipa deni la wazazi wake. Anaamka amekuwa mdudu, na wasiwasi wake wa kwanza ni treni aliyoikosa. Alikuwa amepanga kimyakimya kumsomesha dada yake fidla. Familia inamvumilia kwa muda. Mshahara ukishakatika, upendo nao unaanza kupimwa kwa gharama za chumba. Aliyeumia mgongo kwenye ujenzi Qatar akarudi kabla ya mkataba kuisha hahitaji mwalimu wa fasihi kumfafanulia.

Kusoma vitabu vya namna hii kunaweza kunidhuru?

Kwa wengi, hapana. Kinyume chake, mtu huona kumbe si yeye peke yake. Ila tahadhari ipo na ina historia. Goethe alipotoa riwaya ya Werther mwaka 1774 kulikuwa na hofu kubwa Ulaya kwamba vijana wanamwiga shujaa wake anayejiua, na baadhi ya miji ikaipiga marufuku. Watafiti wa karne iliyopita wakaliazima jina hilo kueleza jinsi habari za kujiua, zikisimuliwa kwa mapambo na undani wa namna ilivyofanyika, zinavyoweza kuvuta wengine. Upande wa pili kuna Papageno, wa opera ya Mozart, anayekata tamaa na kukumbushwa na watoto watatu kwamba kuna njia nyingine. Hadithi za mtu aliyefika ukingoni akarudi zimeonekana kulinda.

Kwa hiyo jiangalie. Kama baada ya kurasa kadhaa unataka kumpigia mtu simu mzungumze kitabu, endelea. Kama unataka kufunga mlango na simu uzime, weka kitabu kando kwa sasa. Hakitakimbia.

Hadithi inaweza kutibu?

Kutibu, hapana. Kumtambua mgonjwa, ndiyo, na Nepal imeonyesha hivyo. Katika wilaya ya Chitwan wahudumu wa kujitolea wa kijijini, wanawake wa kawaida, walipewa visa vifupi vyenye picha: mama fulani hali, halali, hachangii mazungumzo kisimani. Wakaulizwa kama wanamjua mtu anayefanana na huyo, wamshauri aende zahanati. Karibu theluthi mbili ya waliotambuliwa kwa njia hiyo, wataalamu walipowapima, kweli walikuwa na tatizo. Orodha ya dalili haikuhitajika.

Na kuna kusikilizwa. Katika hadithi fupi ya Chekhov ya 1886, Iona, dereva wa gari la farasi, amefiwa na mwanawe wiki hiyohiyo. Anajaribu kumwambia afisa mmoja. Afisa anafumba macho. Anawaambia vijana watatu walevi. Wanamhimiza aongeze mwendo. Anamwambia kijana wa kazi yake, amejifunika, amelala. Mwishowe anakwenda bandani kumsimulia farasi. Mji umejaa watu na hakuna aliyemsikiliza. Kila mmoja alikuwa na haraka tu.

Kiswahili kina kitabu cha aina hii?

Kinacho. *Kichwamaji* cha Euphrase Kezilahabi, 1974, kinamfuata Kazimoto, msomi anayerudi kijijini na kukuta hana tena mahali pa kukaa rohoni mwake. Mwisho wake ni mzito. Kisome ukiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Msaada unapatikana wapi?

Ndani ya Nepal, simu ya taifa ya kuzuia kujiua ni 1166, na ya watoto ni 1098. Hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili iko Lagankhel, Lalitpur. Mashirika ya TPO Nepal na KOSHISH hutoa ushauri nasaha. Wataalamu ni wachache na wengi wako bonde la Kathmandu, hivyo zahanati ya karibu ndiyo pa kuanzia.

Tanzania, Kenya na Uganda, mtoto au kijana anaweza kupiga 116. Kenya, Msalaba Mwekundu wanapokea 1199. Kwa matibabu, hospitali za Muhimbili na Mirembe nchini Tanzania, Mathari nchini Kenya na Butabika nchini Uganda zina madaktari wa magonjwa ya akili.

Nafanya kazi Ghuba na Mnepali aliyebadilika ghafla. Nimwambie nini?

Usianze na majina ya magonjwa. Kama ni mkubwa kwako mwite *dai*, kaka. Kama ni mwanamke mkubwa kwako, *didi*. Muulize habari za nyumbani, hasa nani alimpaka tika Dashain iliyopita, na umwache amalize. Akikwambia hataki kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake usiku huo. Waamshe wenzake wa chumba, na asubuhi mwende pamoja kliniki, au mpige simu ubalozi wa Nepal katika nchi mliyopo.